Fundi anataka kubadili bodi na prosesa ya Dell yangu kwa laki nne na nusu. Nikubali?

Swali: "Habari za kazi, mtaalamu. Nina studio ndogo ya picha na stesheneri hapa Morogoro. Natumia Dell OptiPlex 9020, ile ndogo ya kulala, i5-4590, RAM 8GB, hard disk 500GB, niliinunua mtumba Kariakoo. Siku hizi nikiiwasha nasubiri mpaka nachoka ndipo nifungue chochote, Photoshop inaganda mteja akiwa mbele yangu, na kila umeme ukikatika saa na tarehe vinarudi nyuma. Fundi ameniambia bodi imechoka, na kwa kuwa Windows 10 nayo imefungwa, dawa ni kubadili bodi na prosesa tu, niweke ya kizazi cha 12, kwa laki nne na nusu. Kasha, pawa saplai, RAM na diski vibaki vilevile. Naogopa kupoteza picha za wateja, na naogopa kupigwa. Nikubali?"

Jibu: Salama, ndugu yangu. Usimlipe bado. Hofu zako mbili, ya picha na ya pesa, zina msingi, lakini kabla ya zote kuna hukumu ya fundi ambayo mimi siikubali. Dalili ulizotaja hazionyeshi bodi iliyochoka. Na hata ingekuwa imechoka, kazi aliyokuelezea haiwezekani kwenye mashine hiyo kwa namna aliyoieleza. Simwiti tapeli. Mafundi wengi wamezoea makasha ya kawaida ya kuunga wenyewe, na huko kubadili bodi na prosesa ni kazi ya mchana mmoja. OptiPlex ndogo ni habari nyingine.

Nianze na saa, maana ndiyo nyepesi. Juu ya ubao mama, ambao nitauita bodi kama wanavyouita mafundi, kuna kibetri bapa cha volti 3 kinachoitwa CR2032. Umeme ukikatika, hicho ndicho kinachoifanya saa iendelee kutembea. Prosesa yako iliingia sokoni mwaka 2014, kwa hiyo kama kibetri ni kilekile kilichotoka kiwandani, kimeshatumika kupita umri wake. Zima mashine, chomoa waya wa umeme ukutani, fungua kasha, sukuma kishikio kwa ukucha, kibetri kitaruka juu. Weka kipya, maandishi yakitazama juu, kisha urekebishe tarehe. Usilipuuze jambo hili kwa kuona ni dogo: tarehe ikiwa ya miaka ya nyuma, tovuti nyingi hukataa kufunguka, na watu huishia kulaumu intaneti.

Sasa uzito, yaani mashine kwenda polepole. Diski yako ya 500GB kwa kila dalili ni ile ya sahani zinazozunguka. Diski za mezani za aina hiyo kwa kawaida huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde, na mzunguko mmoja huchukua zaidi kidogo ya milisekunde 8. Faili likiwa limetawanyika, kichwa cha diski kinasogea, kinasubiri sahani ifike, kinasoma kipande, kinasogea tena. Kwa mwendo huo inajibu maombi mia moja hivi kwa sekunde. Windows ikiwaka inaomba maelfu ya vipande vidogo vidogo kwa mkupuo, na antivirus inaomba vyake, na masasisho yanaomba vyake. SSD, yaani diski ya kisasa inayohifadhi data kwenye chipu, haina kinachozunguka, hata ile ya bei ya chini hujibu maelfu kwa maelfu kwa sekunde. Hapo ndipo tofauti unayoihisi ukiwa umekaa kwenye kiti inapotokea. Prosesa haihusiki sana.

Usiniamini mimi, pima mwenyewe. Kesho asubuhi washa mashine, ukishaingia tu bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka. Tazama safu za CPU (prosesa), Memory (RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kazi uliyofungua) na Disk (diski). Disk ikiganda kwenye asilimia 100 dakika nzima na zaidi huku CPU ikichezea 15 au 20, ujue prosesa imekaa bure inasubiri. Kuibadili hapo ni kuongeza wapishi jikoni wakati maji yanachotwa kisimani kwa kikombe. Kisha fungua Photoshop, weka kazi yako ya kila siku, tuseme kadi ya mwaliko wa harusi yenye tabaka nyingi, na utazame Memory. Ikipita 90, RAM imejaa. Photoshop ikikosa nafasi kwenye RAM huandika kazi yake ya muda kwenye diski, na diski yako ndiyo ileile inayopumua kwa shida, kwa hiyo tatizo moja linazaa la pili. Adobe wenyewe wanataja 8GB kama kiwango cha chini na wanashauri 16. Ukiona kinyume chake, CPU imesimama kwenye 100 na Disk imetulia, basi hapo fundi ana hoja na tuzungumze habari ya prosesa.

Tuizungumze hata hivyo, maana umeulizia hiyo.

Prosesa haikai kwenye bodi yoyote tu. Kila kundi la vizazi lina soketi yake, yaani kiti cha prosesa kwenye bodi. Ya kwako, kizazi cha 4 cha Intel, inakaa kwenye LGA 1150. Kizazi cha 6 na cha 7 walihamia LGA 1151, cha 8 na cha 9 wakabaki na jina hilohilo lakini kwa bodi nyingine zisizobadilishana na za kwanza, jambo lililowaliza wanunuzi wengi. Cha 10 na 11 ni LGA 1200. Cha 12 hadi 14 ni LGA 1700. Kwa hiyo fundi yuko sahihi kwamba ukitaka kizazi cha 12 lazima bodi ibadilike. Alipokosea ni kusema RAM itabaki. Mashine yako inatumia RAM ya aina ya DDR3, yenye miguso 240. Bodi za LGA 1700 zinatumia DDR4 au DDR5, zenye miguso 288 na pengo lililokaa mahali pengine. Haiingii, hata kwa kulazimisha, na tafadhali mtu asilazimishe. Kwa hiyo hesabu ya laki nne na nusu imeshapungukiwa na RAM kabla hatujafungua hata skurubu moja.

Tufungue sasa. Ukiondoa kifuniko cha OptiPlex 9020, fuata waya mnene unaotoka kwenye pawa saplai kwenda kwenye bodi. Bodi za kawaida madukani zinapokea kiunganishi kikuu cha pini 24. Chako kina pini 8. Pawa saplai hiyo ya wati 255 imetengenezwa kutoa volti 12, na bodi ya Dell ndiyo inayozigeuza kuwa volti 5 na 3.3. Ushahidi unao hapohapo mkononi: shika waya unaopeleka umeme kwenye diski uufuate kwa kidole. Hauendi kwenye pawa saplai, unaishia kwenye bodi. Ukiing'oa bodi ya Dell ukaweka ya kawaida, pawa saplai haina pa kuchomeka na diski haina pa kupata umeme. Kuna viunganishi vya kubadilisha vinavyouzwa, lakini vingi ni vya kupeleka pawa saplai ya kawaida kwenye bodi ya Dell. Wewe unahitaji kinyume chake, na hiyo njia sikushauri hata ukiletewa.

Halafu kasha lenyewe. Matundu ya nyuma ya USB na monita yamekatwa kwenye bati la kasha kufuata bodi ya Dell. Kitufe cha kuwashia na USB za mbele vina plagi za Dell. Matundu ya skurubu hayalingani na bodi ya dukani. Nimeshaona makasha ya aina hii yaliyokatwa kwa grinda ili bodi ngeni iingie, na vumbi la chuma limebaki humohumo ndani likisubiri kuunganisha njia mbili zisizopaswa kukutana. Kwa ufupi, kwa mashine yako "bodi na prosesa tu" maana yake ni bodi, prosesa, RAM, pawa saplai na kasha. Kinachobaki ni diski, monita, kibodi na kipanya. Hiyo ni kompyuta mpya, na inapaswa kuhesabiwa kama kompyuta mpya.

Kuhusu Windows 10, neno "imefungwa" linatisha kuliko hali ilivyo. Microsoft ilisitisha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine inaendelea kuwaka na Photoshop inaendelea kufunguka. Kinachokosekana ni viraka vya usalama vya kila mwezi, na kwa watumiaji binafsi waliojiandikisha, Microsoft iliongeza muda wa viraka hivyo hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kwa studio ambayo kila mteja anakuja na flashi yake, usalama si jambo la kupuuza. Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha 8 na kuendelea, isipokuwa wachache sana, pamoja na kitu cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Yako ni kizazi cha 4 na ina TPM 1.2. Atatokea mtu wa kukuwekea Windows 11 kwa kuruka ukaguzi huo, na itawaka, lakini Microsoft haitoi ahadi kwamba masasisho yataendelea kuingia. Kwa kompyuta ya nyumbani ningekuacha ujaribu. Kwa mashine inayokulisha, hapana.

Basi ufanye nini? Ningekuwa wewe, hatua ya kwanza ingekuwa SSD ya SATA (plagi ileile ya diski yako) ya 480 au 500GB na RAM ya kufikisha 16GB. Bodi yako ina nafasi nne za RAM na inakubali hadi 32GB, na DDR3 za mtumba zimejaa sokoni. Nunua za kompyuta ya mezani, si zile fupi za laptop. Mwambie fundi akiwa ndani apulize vumbi kwenye feni ya prosesa na abadili pesti ya kupozea, maana iliyokauka kwa miaka yote hiyo inaifanya prosesa ipate moto na kujipunguzia kasi yenyewe. Gharama ya hayo yote ni sehemu tu ya laki nne na nusu, na uzito unaoulalamikia utapungua kwa kiasi utakachokiona siku hiyohiyo. Udhaifu wa njia hii ni kwamba suala la Windows 11 linabaki palepale. Unanunua muda. Lakini SSD haipotei, utahama nayo. Kuna watakaokushauri uchomeke i7-4790 kwenye bodi hiyohiyo: inaingia, ina viini vinne vya kuchakata kama yako ila inashughulikia nyuzi nane, yaani kazi nane kwa pamoja, badala ya nne. Kwa Photoshop utaona nafuu kidogo, na Windows 11 bado itakukatalia. Pesa hiyo iweke kwenye RAM.

Njia ya pili, na kwangu ndiyo ya kuweka akiba yako, ni kununua mashine nzima ya ofisi ya mtumba ya kizazi cha 8 au zaidi: OptiPlex 7060, HP EliteDesk 800 G4, Lenovo ThinkCentre M920 na wenzake. i5-8500 iliyomo kwenye nyingi ya hizo ina viini sita, TPM 2.0 ipo, na kuna nafasi ya SSD za kisasa za M.2, zinazochomekwa moja kwa moja kwenye bodi. Kubwa zaidi, imekwishaungwa na waliojua wanachounga. Ukiwa dukani, fungua mipangilio ya Windows uone sehemu ya Activation inasema imewashwa kwa leseni ya kidijitali. Muuzaji akisema atakuwekea "activator", yaani programu ya kuilazimisha Windows ionekane ina leseni, kataa. Programu hizo ni mlango wa virusi, na antivirus ukiizima ili ziingie umeshamkaribisha mgeni usiyemjua.

Njia ya tatu ni kuunga upya kweli kweli, kasha la kawaida, pawa saplai ya pini 24, bodi, prosesa, RAM. Itakugharimu zaidi leo, ila miaka ijayo kila kipande kinabadilika peke yake bila kusumbuka kama sasa. Kwa kazi yako i3-12100 inatosha: viini vinne, nyuzi nane, na picha inatoka kwenye bodi bila kadi ya grafiki. Angalia herufi ya mwisho. i3-12100F ni ya bei ya chini kwa sababu haina grafiki ndani, ukiichomeka bila kadi monita itabaki nyeusi na utadhani umeuziwa mbovu. Na ukiletewa i7 au i9 ya kizazi cha 13 au 14 iliyotumika, kuwa mwangalifu. Baadhi ya prosesa za juu za vizazi hivyo ziliharibika kwa kupewa volti nyingi, Intel ikatoa marekebisho ya BIOS (programu ya kuwashia iliyo ndani ya bodi) mwaka 2024, lakini marekebisho hayaponyi iliyokwishaumia. Za kizazi cha 12 hazimo kwenye tatizo hilo.

Bodi ya mtumba usiilipie kabla hujatazama soketi. Kwa Intel za miaka hii, pini ziko kwenye bodi na si kwenye prosesa, ni nyembamba sana na hukaa kwa safu. Fungua kifuniko, washa tochi ya simu uimulike kwa pembeni, kisha zungusha bodi polepole. Pini nzima zinang'aa pamoja na kuzimika pamoja. Ukiona moja inang'aa wakati jirani zake zimezima, imepinda. Piga picha kwa kamera ya simu, vuta karibu, hakikisha. Pini moja iliyopinda inaweza kuua nafasi ya RAM au kuifanya mashine isiwake kabisa, na muuzaji ukishatoka mlangoni atasema umeipinda wewe. Jingine ni kwamba bodi iliyotengenezwa kabla ya prosesa uliyonunua inaweza kuhitaji BIOS mpya ndipo iitambue. Dai iwashwe mbele yako ikiwa na prosesa hiyohiyo. Ukichagua DDR5, usishtuke ikiwaka mara ya kwanza na skrini ikakaa nyeusi dakika kadhaa. Bodi inaipima RAM, iache.

Sasa picha za wateja. Picha hazikai kwenye bodi wala kwenye prosesa, ziko kwenye diski, na kubadili bodi hakuzifuti. Kinachoweza kuzifuta ni mtu anayeweka Windows upya juu ya diski hiyohiyo. Leseni ya Windows ndiyo iliyofungwa kwenye bodi: iliyokuja na Dell haihami kwenda bodi nyingine. Tena usitegemee kuhamisha diski ya zamani ikawaka kwenye bodi mpya. OptiPlex hutoka kiwandani diski zikiwa zimewekwa kwenye mfumo wa RAID, bodi mpya huja kwenye AHCI, ambayo ni namna nyingine ya bodi kuzungumza na diski, na matokeo yake mara nyingi ni skrini ya buluu. Na kama Windows yako iliwekwa kwa mtindo wa zamani wa kupanga diski uitwao MBR, bodi za LGA 1700 zinazotumia grafiki ya prosesa hazitaiona kabisa kama diski ya kuwashia. Hakuna lililopotea hapo. Weka Windows mpya kwenye SSD, kisha chomeka diski ya zamani kama ya pili na ufungue picha zako.

Kabla ya yote, nakili picha kwenye diski ya nje leo hii, na ufungue chache kutoka huko uone zinafunguka. Weka programu ya bure ya CrystalDiskInfo uitazame hali ya diski. Ikiandika "Caution" au "Bad", harakisha kunakili. Ukisikia diski inagonga tik, tik, zima hapohapo na uipeleke kwa mtu anayefanya kazi ya kuokoa data, si kwa anayeuza kompyuta. Kila dakika inayowaka inazidi kujikwaruza. Vilevile tafuta fundi ana kwa ana ukisikia harufu ya kuungua, ikizima yenyewe ghafla, au taa ya kitufe ikimeta rangi ya kaharabu bila kuwaka. Hapo ndipo bodi au pawa saplai inaweza kuwa na hatia kweli. Pawa saplai usiifungue hata kama umechomoa waya, ndani yake umeme hubaki muda.

Na fundi wako, rudi kwake, usimkimbie. Mwonyeshe ulichokiona kwenye Task Manager na umwombe aandike kwenye karatasi jina kamili la kila kipande: bodi gani, prosesa gani, RAM ya aina gani, pawa saplai na kasha gani, na dhamana ya siku ngapi. Akiandika vyote hivyo na jumla ikawa bado laki nne na nusu, nitumie orodha niitazame. Akishindwa kuandika, mpe kazi ya SSD, RAM na kibetri, nazo ni kazi halali za kulipwa. Diski yenye picha ing'oe mwenyewe kabla hujaipeleka mashine, maana kwa kuweka SSD na Windows mpya fundi haihitaji.